Ninunue lenzi sasa au ningoje mpya? Swali la tangu 1839

Leo naomba tuweke kando kidogo mambo ya hifadhidata na misimbo. Nataka tuzungumze kuhusu lenzi. Ndiyo, lenzi za kamera, hasa zile za kupigia picha za sura za watu.

Wiki iliyopita mwenzangu kazini alinijia na swali. Amekuwa akiweka akiba kidogo kidogo na sasa ana shilingi elfu 35 za kununua lenzi ya milimita 85. Amepata moja hapa mjini, imetumika lakini ni safi, haina mkwaruzo. Shida ni kwamba amesoma uvumi kwenye mtandao kuwa toleo jipya liko njiani. Akaniuliza, "Buda, ninunue ama ningoje?"

Nilitaka kumjibu papo hapo, nikajizuia. Swali hilo liliwahi kunigharimu mimi mwenyewe, na nitawaeleza huko mbele. Lakini pia nilikumbuka kwamba swali lenyewe ni kongwe kuliko sote. Lina umri sawa na upigaji picha wenyewe! Basi nikaona badala ya kumjibu kwa neno moja, nimwandikie historia yake. Nanyi someni.

Haya, tuanze Paris. Tarehe 19 Agosti 1839 siri ya uvumbuzi wa Louis Daguerre ilitangazwa hadharani: jinsi ya kunasa picha kwenye bamba la shaba lililopakwa fedha. Dunia ilishangaa. Majengo yalitoka vizuri, sanamu za mawe zilitoka vizuri, lakini watu? Hapo palikuwa na kazi.

Daguerre mwenyewe alisema bamba lilihitaji kupokea mwanga kwa muda wa kati ya dakika 3 na 30, kutegemea jua. Fikiria kukaa dakika 20 juani bila kupepesa macho! Kuna picha yake maarufu ya mwaka 1838 ya barabara moja ya Paris, Boulevard du Temple. Barabara ilikuwa imejaa watu na magari ya farasi, lakini kwenye picha ni kama mji umehamwa. Wote walipita upesi mno wasiweze kunaswa. Anayeonekana wazi ni bwana mmoja aliyekuwa amesimama akipigwa viatu rangi. Kwa hiyo kama wewe ni mng'arisha viatu pale mjini, jua kwamba kazi yako ndiyo iliyompa binadamu nafasi katika mojawapo ya picha zake za kwanza kabisa.

Kwa nini ilichukua muda huo wote? Sababu moja ilikuwa kemikali za bamba. Sababu ya pili ilikuwa lenzi. Kamera za Daguerre zilitumia lenzi ya Charles Chevalier, iliyofanya kazi kwa kiasi cha f/15 hivi. Kwa wasioifahamu namba hiyo: chukua urefu wa fokasi wa lenzi, ugawanye kwa upana wa tundu linalopitisha mwanga. Namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo na mwanga ni haba.

Utauliza, si wangepanua tundu tu? Wangeweza, lakini miale inayopita pembeni mwa kioo haikutani mahali pamoja na ile inayopita katikati. Ukipanua tundu, sura inageuka ukungu. Tatizo halikuwa kioo peke yake. Tatizo lilikuwa hesabu.

Hapa ndipo hadithi inapomgusa mtu wa programu kama mimi.

Profesa mmoja wa Vienna, Andreas von Ettingshausen, alikuwa Paris siku zile. Aliporudi nyumbani akamweleza tatizo hilo mwenzake wa chuo kikuu, Joseph Petzval, profesa wa hisabati aliyezaliwa mwaka 1807. Petzval akaamua kutobahatisha. Mafundi wa lenzi wakati ule walikuwa wakisugua kioo, wanajaribu, wanasugua tena. Yeye alitaka kukokotoa lenzi nzima kwenye karatasi kabla fundi hajagusa kioo.

Hebu fikirieni kazi yenyewe. Lenzi yake ilikuwa na vipande 4 vya kioo, viwili vya mbele vikiwa vimegandishwa pamoja. Hiyo inaleta nyuso 7 ambazo kila mwale lazima uvuke. Katika kila uso unakokotoa mwale umepinda kwa pembe gani, kwa kutumia majedwali ya logi, kwa mkono. Ukimaliza mwale mmoja unaanza mwingine. Kisha unabadilisha mkunjo wa uso mmoja kidogo tu, na hesabu zote unazirudia tangu mwanzo. Leo tungeandika kitanzi cha mistari kumi na kwenda kunywa chai.

Petzval hakuwa na tarakilishi, lakini alipata kitu kinachofanana nayo. Mwanamfalme Ludwig, aliyekuwa mkuu wa kikosi cha mizinga, alimwazima wanajeshi waliozoea kukokotoa mwendo wa risasi za mizinga. Wakawa ndio mashine yake. Kufikia Mei 1840 hesabu zilikuwa tayari, na fundi Peter Voigtländer akaitengeneza lenzi: karibu f/3.6.

Gawanya 15 kwa 3.6, kisha zidisha jibu kwa lenyewe. Unapata zaidi ya 17. Yaani mwanga mara 17 zaidi, ndani ya mwaka mmoja! Dakika 10 zikawa nusu dakika. Hiyo ndiyo lenzi ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa ajili ya sura ya mtu.

Sasa turudi kwenye swali la mwenzangu. Ikiwa kuna mtu katika historia yote aliyekuwa na haki ya kungoja lenzi mpya, ni mpiga picha wa mwaka 1839. Angengoja miezi michache tu, angepata mara 17. Je, walingoja?

Baadhi hawakungoja. Huko Philadelphia, Marekani, alikuwako kijana wa miaka 30 aitwaye Robert Cornelius, ambaye familia yake ilitengeneza taa. Mwishoni mwa 1839 alitengeneza kamera yake kwa sanduku na lenzi aliyokuwa nayo, akaiweka nje ya duka lao, akasimama mbele yake kwa dakika kadhaa bila kutikisika. Picha ipo hadi leo katika Maktaba ya Bunge la Marekani: nywele zimetimka, mikono ameikunja, hayuko hata katikati ya fremu. Nyuma ya bamba pameandikwa kwamba hiyo ndiyo picha ya kwanza ya mwanga kupigwa. Ni mojawapo ya picha za zamani zaidi za mtu zilizosalia, na ilipigwa kabla lenzi ya picha za watu haijakuwapo duniani!

Kisha angalieni alichofanya baadaye. Yeye na mwenzake Paul Beck Goddard, mwanakemia, hawakukaa kungoja Vienna. Walitumia bromini kulifanya bamba liwe jepesi kupokea mwanga, na mwaka 1840 Cornelius akafungua studio. Msaada ulitoka upande wa kemikali, si upande wa lenzi.

Huko New York naye Alexander Wolcott aliona lenzi zilizopo hazifai, akaziacha kabisa. Kamera yake ilitumia kioo cha kuakisi kilichobonyea ndani, kama kile cha darubini. Picha zake zilikuwa ndogo, lakini alifungua studio Machi 1840, miezi miwili kabla hesabu za Petzval hazijamfikia Voigtländer. Kamera ya aina hiyo hiyo ndiyo iliyotumika Richard Beard alipofungua studio ya London mnamo Machi 1841.

Nisiwafiche: kioo cha Wolcott hakikudumu. Lenzi ya Petzval ilikifunika. Lakini wateja waliokaa mbele ya kioo kile walirudi nyumbani na sura zao, na hilo haliwezi kufutwa.

Na je, watu walitambua mara moja kwamba lenzi ya Petzval ni mapinduzi? Chama kimoja cha Paris cha kuendeleza viwanda kilitangaza zawadi ya lenzi bora. Chevalier alipewa nishani ya platini kwa lenzi yake mpya, Voigtländer akapewa ya fedha. Leo lenzi iliyoshika dhahabu ya mioyo ya watu ni ile ya pili. Kwa hiyo ukisoma uchambuzi wa lenzi wiki ile ile inapotoka, soma ukikumbuka nishani ya platini.

Petzval mwenyewe hakufaidi sana. Alilipwa gulden 2,000 mara moja tu, basi. Wakakosana na Voigtländer. Mwaka 1859 wezi walivunja nyumba yake na maandishi yake mengi yakapotea. (Wenzangu wa programu, nakala ya akiba ni muhimu. Nimesema hili mara ngapi?) Alifariki mwaka 1891, na wakati huo muundo wake ulikuwa bado unapiga sura za watu, miaka 51 baadaye.

Miaka 51! Hapo ndipo kuna jambo la kutafakari. Sisi watu wa tarakilishi tumezoea kifaa cha miaka mitatu kuwa kizee. Tunaibeba tabia hiyo hadi kwenye lenzi. Lakini mwanga haujabadilika, na sura ya mtu haijabadilika.

Mfano ni Julia Margaret Cameron wa Uingereza. Desemba 1863, akiwa na miaka 48, binti yake alimpa kamera ya zawadi. Lenzi yake ilikuwa ya muundo wa Petzval, muundo wa miaka 23 tayari, na haikuweza kuweka uso mzima katika fokasi. Jicho likiwa kali, sikio ni ukungu. Wakosoaji walimcheka kwamba hajui kulenga. Yeye akaendelea. Leo wakosoaji wale wengi wamesahaulika, na picha zake ziko kwenye makumbusho.

Zipo pia hadithi za upande wa pili, za lenzi mpya iliyofika kabla ya wakati wake. Mwaka 1896 Paul Rudolph wa kampuni ya Zeiss alibuni lenzi aliyoiita Planar. Kwenye karatasi ilikuwa nzuri ajabu. Lakini ilikuwa na nyuso 8 zinazopakana na hewa, na kila uso wa kioo kitupu huakisi kama asilimia 4 ya mwanga. Piga hesabu: zaidi ya robo ya mwanga haifiki kwenye filamu, na sehemu yake inazungukazunguka ndani na kuipausha picha. Rudolph huyo huyo akaleta Tessar mwaka 1902, rahisi zaidi, na dunia ikaichukua hiyo. Wazo la Planar lilikuja kung'aa kweli baada ya Alexander Smakula, pia wa Zeiss, kubuni mwaka 1935 njia ya kupaka kioo utando mwembamba wa kuzuia kuakisi. Kwa hiyo hata ukiipata lenzi mpya uliyoingojea, huenda bado ikangoja kitu kingine.

Nikiwa hapo, siwezi kuacha kuwaambia habari za mashine. Kazi ya wale wanajeshi wa Petzval iliendelea kufanywa kwa mkono kwa zaidi ya miaka 100. Kisha watengenezaji lenzi wakawa miongoni mwa wateja wa kwanza wa tarakilishi. Mwaka 1953 Konrad Zuse wa Ujerumani aliikabidhi kampuni ya Leitz, watengenezaji wa Leica, mashine yake ya Z5 kwa ajili ya hesabu za lenzi. Huko Japani, mfanyakazi wa Fuji aitwaye Okazaki Bunji alichoka kuona hesabu za lenzi zikifanywa kwa mkono, akajenga FUJIC, karibu peke yake, kwa vali za umeme 1,700 hivi. Ilikamilika Machi 1956, na ndiyo tarakilishi ya kwanza ya kielektroniki ya Japani. Yaani kazi ya kwanza ya tarakilishi ile ilikuwa kufuatilia miale ya mwanga!

Baada ya hapo bila shaka lenzi ziliboreka kwa kasi? Ndiyo, lakini tazameni Nikkor ya milimita 105 f/2.5. Ilianza katika miaka ya 1950, ikaingia kwenye kamera ya Nikon F mwaka 1959, ikabadilishwa muundo wa vioo mwaka 1971, kisha muundo huo ukabaki. Desemba 1984 Steve McCurry aliitumia katika kambi ya wakimbizi karibu na Peshawar, Pakistan, kumpiga picha msichana wa Afghanistan mwenye macho ya kijani. Mnaijua picha hiyo, ilitoka kwenye jalada la National Geographic la Juni 1985. Vioo vya lenzi ile vilikuwa vya muundo wa miaka 13. (Jina la msichana, Sharbat Gula, ulimwengu ulikuja kulijua mwaka 2002. Kumuuliza mtu jina lake hakuhitaji lenzi mpya.)

Au chukueni Canon ya milimita 85 f/1.8 ya mwaka 1992. Watu walingoja toleo la pili la lenzi hiyo mwaka baada ya mwaka. Mwaka 2018 Canon wakaleta kiungio kipya cha lenzi kwa kamera zisizo na kioo cha ndani, na toleo la pili la lenzi ile halikuwa limetoka. Aliyengoja tangu 1995 alingoja miaka 23. Kiungio nacho si jambo la kupuuza: mwaka 1987 kampuni hiyo hiyo ilikuwa imebadilisha kiungio, na lenzi za zamani hazikuingia kwenye kamera mpya. Ile ya 2018 ilikuwa na huruma, kwa kuwa lenzi za zamani zinafanya kazi kwa kuwekewa adapta.

Sasa deni langu. Niliwaambia swali hili lilinigharimu.

Mwaka 2015 nilikuwa na kamera na lenzi ndogo ya milimita 50, ile ya bei rahisi ambayo kila mtu huanza nayo. Mjomba wangu alikuwa fundi cherehani. Miaka yote aliwashonea watu suti za harusi, na mwaka huo hatimaye akajishonea yake. Akanipigia simu: "Mwanangu, wewe una kamera. Njoo unipige picha moja ya kuning'iniza ukutani." Nikamwambia, mjomba, ningoje kidogo, kuna lenzi nzuri inakuja, nataka picha yako iwe ya maana. Alicheka, akasema sawa.

Kila nilipokwenda nyumbani likizo aliniuliza kama lenzi imefika. Nilikuwa na jibu kila mara: toleo jipya limechelewa, bei itashuka, nangoja mwezi wa kumi na mbili. Kamera ilikuwa ndani ya mkoba wangu, mita mbili kutoka kwake. Alifariki mwaka 2017. Picha iliyowekwa kwenye karatasi za ratiba ya mazishi ilikuzwa kutoka kitambulisho chake, nanyi mnajua picha za vitambulisho zinavyokuwa. Shangazi aliniuliza kwa upole, "Kwani wewe hukuwahi kumpiga hata moja?"

Lenzi niliyokuwa nayo ilikuwa f/1.8. Cornelius angetoa duka zima la taa kuipata.

Ndiyo maana siku hizi nina njia yangu ya kupima jambo hili. Kwanza, piga hesabu ya faida. Kutoka f/15 hadi f/3.6 ilikuwa mara 17. Kutoka f/1.8 hadi f/1.2 ni mara mbili na robo tu, kwa bei inayoweza kuwa mara kadhaa zaidi. Sisemi lenzi mpya ni ulaghai. Ni kali hadi kwenye kona za picha, na kamera mpya hufuata jicho la mtu zenyewe. Lakini kwenye kona za picha ya sura huwa hakuna sura.

Pili, zipo sababu nzuri za kungoja. Kama pesa hazipo, ngoja, usikope kwa ajili ya lenzi. Kama toleo jipya limetangazwa rasmi pamoja na tarehe, ngoja wiki chache, la zamani litashuka bei. Kama unapanga kuhamia kamera yenye kiungio kingine, amua hilo kwanza. Uvumi si mojawapo ya sababu hizo.

Tatu, kumbuka kwamba msaada hutoka upande usioutazama. Mwaka 1840 ulitoka kwenye bromini. Miaka yetu umetoka kwenye vihisio vinavyoona gizani, na kwenye programu: simu zimekuwa zikitia ukungu nyuma ya mtu kwa hesabu tupu. Na kwa ucheshi zaidi, mwaka 2013 kampuni ya Lomography iliomba michango mtandaoni kufufua lenzi ya Petzval kwa kamera za kisasa, ikapata zaidi ya dola milioni 1. Watu wakaingoja kwa hamu lenzi "mpya" ya mwaka 1840!

Basi nilimrudia mwenzangu na swali moja tu: unataka kumpiga nani picha, na anapatikana lini?

Akafikiri. Akasema mamake anakuja Nairobi mwisho wa mwezi, kliniki, na atakaa naye siku nne.

Jumamosi alikwenda kuichukua ile lenzi. Nimemwambia mama akifika asimkalishe juani dakika 20.

Na wewe msomaji, kama kuna mtu alikuomba picha ukamwambia angoje, mpigie simu leo. Nenda na kamera uliyo nayo, hata kama ni simu. Kwaherini kwa sasa.